Haidari Hana Nafasi

Haidari Mtupa wa Bungu alisomea ugavi. Alipata stashahada yake mjini, akairudisha nyumbani kwa mama yake ndani ya bahasha ya kaki, na tangu siku hiyo watu wa Bungu wakajua kwamba kijana amesomea kugawa. Hakuna aliyeuliza anagawa nini. Msiba wa kwanza uliotokea baada ya yeye kurudi, aliitwa jikoni, akapewa upawa, akasimamishwa mbele ya sufuria la pilau.

"Mwachieni mwenye fani yake," walisema akina mama, wakakaa pembeni kupumzisha miguu.

Haidari alijaribu kueleza kwamba ugavi wa chuoni ni mambo ya kununua vifaa vya ofisi, kutunza ghala na kushindanisha wazabuni. Wakamsikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha mmoja akamwambia kuwa wale waliokaa nyuma ya nyumba bado hawajapata nyama.

Kwetu sisi kazi ni ile unayoitokea asubuhi ukiwa umechomekea shati, ukarudi jioni umechoka, na mwisho wa mwezi ukalalamika. Haidari alilima. Mikorosho ya marehemu baba yake ilikuwa upande wa kwenda Nyamisati. Aliipalilia, akaipulizia dawa, akaokota korosho, na msimu ukiisha akachimba mihogo ya mama. Mtu akipita akamkuta ana jembe mkononi na jasho linamchuruzika mgongoni, alimuuliza kwa sauti ya chini, ile ya kuulizia hali ya mgonjwa:

"Vipi, bado hujapata kazi?"

"Bado."

Mtu yule aliguna, akamwombea dua ya heri, akaenda zake.

Balaa la Haidari lilikuwa katika neno moja. Kila ofisi aliyopeleka maombi, aliambiwa hakuna nafasi. Akirudi Bungu, anaambiwa yeye ndiye mwenye nafasi. "Haidari baba, wewe una nafasi, nipelekee mama mkwe Mchukwi akaonwe na daktari." Akampeleka. Alipeleka wajawazito, wazee wa kifua, watoto wanaotoka usaha masikioni. Nesi mmoja wa pale hospitali alimvuta pembeni siku moja, akamuuliza kwa huruma ya kweli, "Kaka, samahani. Hivi ukoo wenu una tatizo gani?"

"Si ukoo, dada," Haidari akasema. "Ni kijiji."

Alikuwa kwenye kamati ya maji, kamati ya mazishi na kamati ya barabara ya ndani. Kikao chochote kikikosa akidi, anaitwa Haidari, akidi inatimia. Kwenye kamati ya wazazi wa shule ya msingi alikuwa mjumbe mzuri kuliko wote, na mtoto hana. Jirani yao, Mwanasiti, mwanawe akikataa kufungua daftari, alimgombeza kwa sauti iliyovuka ua: "Endelea hivyohivyo, utakuja kuwa kama Haidari, huna mbele huna nyuma." Kisha kichwa chake kikatokeza juu ya makuti ya ua. "Haidari baba, hebu mfundishe huyu hesabu. Wewe si huna kazi?"

Mama yake, Bi Sihaba, hakuwakasirikia waliomtuma mwanawe. Aliwakasirikia waliomhurumia. Kwenye shughuli za wanawake, wenzake walitaja watoto wao kama wanavyotaja vyombo vya kabatini: wa kwangu yuko bandarini, wa kwangu anaendesha lori la Zambia. Ikifika zamu yake, Bi Sihaba alisema, "Wa kwangu yupo."

"Yupo wapi?"

"Yupo."

Na akavuta khanga, mazungumzo yakahama.

Katika kutumwatumwa huko ndiko Haidari alikokutana na Zuhra. Zuhra alikuwa fundi cherehani, kibanda chake kiko karibu na mabasi yanaposimama, anashona sare za shule na madera. Alikuwa mkweli katika kila jambo isipokuwa tarehe. Akikuambia Ijumaa, nguo yako hata kukatwa haijakatwa. Sasa kila mwanamke aliyechoka kuzungushwa alimtuma Haidari akaisubiri hapohapo, na Haidari akakaa kwenye benchi akisubiri magauni ya watu. Walizungumza. Haidari alijua Zuhra anaimba akikosea mshono. Zuhra naye alijua Haidari akicheka huangalia pembeni kwanza, kama anayeomba ruhusa.

Siku moja Haidari alikuja mikono mitupu, akakaa.

"Leo katuma nani?" Zuhra akauliza.

"Leo nimejituma."

Zuhra aliendelea kukanyaga cherehani, lakini uzi ulikuwa umekatika zamani.

Baba yake Zuhra ni Mzee Abbasi, karani wa posta mstaafu. Ingawa alikuwa amestaafu siku nyingi, kila asubuhi aliamka, akanyoa ndevu, akavaa soksi na viatu vya kamba, akakaa barazani kwake akitazama barabara ya Kilwa. Posa ya Haidari aliipeleka mjomba wake, Mzee Kondo, pamoja na mzee mwenzake mmoja. Walipokelewa vizuri, wakaletewa kahawa na kashata. Mzee Abbasi akawasikiliza, halafu akaweka kikombe chini.

"Sina neno na Haidari," alisema. "Ni kijana msikivu, namtuma kila siku, sijamwona akikunja uso. Lakini msikitini wakiniuliza mkwe wako anafanya nini, nitajibu nini?"

"Sema analima," akasema Mzee Kondo.

"Kila mtu analima. Mimi mwenyewe nalima. Wanauliza kazi."

Mzee Kondo akarudi na jibu hilo. Haidari aliposikia, alikwenda nyuma ya nyumba, akapasua kuni ambazo hakuna aliyezihitaji.

Kesho yake asubuhi Mzee Abbasi akamwita. Haidari alidhani mzee amebadili mawazo. Alioga, akavaa shati safi, akaenda.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Kaa. Lile la jana lisituvunjie udugu."

"Halijavunja, mzee."

"Alhamdulillahi. Sasa nina shughuli, na nikitazama huku na huku simwoni mwingine mwenye nafasi." Mzee Abbasi akasogeza kiti chake karibu. Kumbe kulikuwa na posa nyingine. Imetoka Mbuchi, huko delta, kwa kijana aitwaye Amri, mwenye kazi katika mradi wa mikoko, mwenye kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. "Ila mtu hamuozeshi binti yake kwa kusikia. Lazima aulizwe, tabia yake, kazi yake. Nataka uende Mbuchi ukamuulizie."

"Mzee, mimi ndiye uliyenikatalia jana."

"Ndiyo maana nakuamini. Mwingine angeweza kumwonea."

Haidari alitafuta kosa katika maneno hayo, akaliona, lakini lilikuwa kubwa mno, hakujua aanze kulishika upande gani. Akasema sawa.

Bi Sihaba alikuwa anapepeta mchele aliposimuliwa. Akaweka ungo chini.

"Na umekubali?"

"Nilikosa sababu ya kukataa, mama. Ningesema nina shughuli, angeniuliza shughuli gani."

Mama alimtazama, akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika nguzo, halafu machozi yakamtoka na haikujulikana tena kama ni kicheko. Akamfungia mihogo ya kuchemsha ya njiani.

Zuhra, alipoambiwa, hakuinua kichwa. "Nenda," alisema. "Ila uangalie vizuri. Anayetakiwa kuolewa ni mimi."

Habari kwamba Haidari anateremka delta ilitembea kabla ya Haidari. Mpaka anapanda bodaboda ya kwenda Nyamisati, alikuwa na kuku wa kumpelekea shangazi ya mtu, godoro dogo la mtoto, chupa ya dawa ya macho, na salamu nyingi. Kwenye boti abiria wenzake walilisogelea godoro wakalilalia, kuku akamnyea. Maji yalikuwa yamejaa, boti ikapita katikati ya mikoko, kwenye mikono ya mto inayofanana yote, mpaka Haidari akawa hajui katokea wapi. Alipofika Mbuchi aligawa mizigo ya watu, akabaki na kuku, maana shangazi mwenyewe alikuwa amekwenda Bungu.

Akaanza kuuliza habari za Amri, na kila aliyemuuliza alimsifu.

"Yule ni mtu wa kazi," alisema mwanamke aliyekuwa anaanika kamba wadogo juu ya jamvi. "Humkuti nyumbani mchana. Alfajiri keshatoka."

"Kazi yenyewe ni ipi, mama?"

"Ya mikoko. Anaihesabu, nafikiri."

Mwingine alisema anaizuia isikatwe. Wa tatu alisema anaandika. Wote walikubaliana kwamba anavaa kizibao cha kijani kinachong'aa na kwamba hapendi kusumbuliwa akiwa kazini. Wakamwonyesha njia aliyopitia asubuhi.

Haidari akaifuata, kuku kwapani, matope yakimfika magotini. Ilipita kandokando ya majaruba ya mpunga, ikaishia kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti ambacho watu hukaa kulinda mpunga wao dhidi ya nguruwe na ndege. Dungu hilo lilikuwa limeachwa, mpunga wake umekwishavunwa. Chini yake kulikuwa na viatu vimepangwa vizuri. Kizibao kilikuwa kimetundikwa kwenye msumari, kitambulisho juu yake, na ndani mtu amelala chali anasikiliza redio kwa sauti ndogo.

"Hodi," akasema Haidari.

Mtu yule aliruka, akavaa kizibao nje ndani, akateremka. Alikuwa kijana wa rika lake, ana macho ya mtu anayekosa usingizi.

"Umetoka makao makuu?"

"Nimetoka Bungu."

"Bungu hakuna makao makuu."

"Hakuna. Nimetumwa na Mzee Abbasi, niulizie habari zako."

Amri akakaa kwenye ngazi ya dungu. Alimtazama kuku, akamtazama Haidari, akaona hakuna pa kwenda.

"Mradi uliisha," alisema. "Zile mvua za mwaka juzi. Wakaja na boti wakachukua vitu vyao, wakasema watarudi, wakaniachia hiki kizibao. Kesho yake nimeamka, nakuta mama keshanipikia uji wa mtu anayekwenda kazini. Sikujua nimwambieje. Nikaunywa, nikatoka."

"Na siku iliyofuata?"

"Akapika tena."

Kwa mbali kulikuwa na mlio wa boti inayopita mkono mwingine wa mto.

"Na wewe ndugu yangu," Amri akauliza, "unafanya kazi gani?"

"Mimi sina kazi."

Uso wa Amri ukajaa huruma, ileile ya watu wa Bungu. "Pole sana. Sasa unashinda wapi?"

"Juzi asubuhi nilikuwa hospitali na mzee wa watu. Mchana kamati ya maji. Alasiri tukazika. Jioni nikafundisha hesabu. Leo niko hapa kukupeleleza, na huyu kuku si wangu."

Amri alifikiri sana juu ya hilo. "Kumbe mtu asiye na kazi huko juu anachoka namna hii," alisema mwisho. Akasogea, akampisha ngazi. "Panda, kuna jamvi. Lala kidogo. Mimi nitakushikia kuku."

Haidari hakukumbuka lini mara ya mwisho alilala mchana. Alilala mpaka maji yakapwa, boti ikashindwa kutoka, ikabidi asubiri yajae tena. Wakachoma muhogo, wakala. Hawakumzungumzia Zuhra hata kidogo, kila mmoja kwa sababu yake. Walipoagana Amri aliuliza, "Utamwambia mzee?"

"Akiniuliza, sitamdanganya."

"Sawa. Ila watu wa Mbuchi usiwaambie."

Njia nzima ya kurudi Haidari aligeuza maneno kinywani. Akisema ukweli, utaonekana ni wivu. Akiuficha, atakuwa amemtupa Zuhra. Mwisho akaamua ajibu kila swali kama lilivyo.

"Anatoka asubuhi?" Mzee Abbasi akamuuliza barazani.

"Anatoka."

"Anarudi jioni?"

"Anarudi."

"Kitambulisho anacho?"

"Nimekiona. Kina picha yake."

"Basi kazi anayo."

"Kazi iliisha mzee, mwaka juzi. Anatoka tu."

Mzee Abbasi alikaa akitazama barabara. Basi la Mtwara likapita, kisha lori, kisha bodaboda, naye bado anafikiri.

"Lakini anatoka," alisema.

"Mzee, na mimi natoka. Natoka kila siku."

"Wewe unatumwa, mwanangu. Mtu anayetumwa na mtu anayetoka ni watu wawili tofauti."

Zuhra alikuwa dirishani. Akaja mpaka mlangoni, akasimama.

"Kwa hiyo baba shida si kazi. Shida ni kuonekana unatoka."

"Shida ni watu, mwanangu. Mimi binafsi sina shida."

Zuhra hakubishana na baba yake. Alimsindikiza Haidari mpaka kwenye njia, akamwambia, "Jumatatu asubuhi uripoti kwangu, kibandani."

"Nikafanye nini?"

"Ukakae."

Jumatatu Haidari akaripoti. Zuhra akamvisha futi ya kupimia nguo shingoni, akamkalisha kwenye benchi lilelile la kusubiria, akamwambia asiivue na asiondoke. Hazikupita dakika nyingi Mwanasiti akatokea na madumu yake. "Haidari baba, mota ya kisima imeharibika, hebu nikimbilie—"

Haidari alikuwa keshasimama, kwa mazoea. Zuhra akasema bila kuinua macho kwenye mshono, "Yuko kazini."

Mwanasiti alisimama palepale. Akaitazama ile futi. Akajifunga khanga yake vizuri. "Samahani," alisema, "sikujua." Kisha akamgeukia Haidari, akamsalimu kana kwamba wamekutana leo: "Za kazi?"

Haidari miaka yote alijua kujibu "bado" tu.

Akakaa wiki nzima. Hakushona, hakukata, hakupima mtu. Mgongo ulimuuma. Kwa mara ya kwanza tangu arudi kutoka chuoni alikuwa hafanyi kitu chochote duniani, na kwa mara ya kwanza watu walimpa heshima. Muuza kahawa alimsogezea kiti. Kijana mmoja aliyesoma naye shule ya msingi, aliyekuwa akimpita bila salamu, alimwomba amtafutie nafasi. Bi Sihaba akaanza kuwaambia watu ambao hata hawakumuuliza: "Wa kwangu yuko kazini." Haidari alisikia hayo, akaona haya kama mwizi. Alimwambia Zuhra kwamba anataka kurudi shambani, chini ya mikorosho magugu yanaota.

"Vumilia," Zuhra alisema. "Watu wanakuzoea."

Kijijini mambo yakaanza kuharibika. Kulikuwa na msiba. Pilau likaisha kabla ya kufika mkeka wa pili, na wajomba wa marehemu wakaondoka wamenuna. Kamati ya maji ilikaa mara mbili bila akidi, mota ikabaki mbovu. Wagonjwa walikwenda Mchukwi na ndugu zao wenyewe, wakagundua kuwa foleni ni ndefu. Mwenyekiti wa kijiji, Swalehe, mtu wa taratibu, akaitisha mkutano shuleni. Ajenda ilikuwa moja: kumpata mtu asiye na kazi.

"Hatumlazimishi mtu," alianza mwenyekiti. "Tunaomba tu, yeyote asiye na kazi anyooshe mkono."

Vijana walijaa pale, wale tunaowaona kila siku kwenye pikipiki zisizo na mafuta, wakicheza bao na kubishania mpira. Hakuna mkono ulionyooka. Mwenyekiti akaanza kuwauliza mmojammoja.

"Mimi ni wakala," akasema wa kwanza.

"Wakala wa nini?"

"Kampuni haijaamua."

"Na wewe?"

"Mimi nasubiri kupigiwa simu."

"Hiyo nayo ni kazi?"

"Simu haiwezi kujisubiri, mwenyekiti."

Mzee Ismaily, ambaye hulala kwenye baraza la duka kuanzia asubuhi mpaka alasiri, alisema yeye analinda baraza. Zamu ikazunguka uwanja mzima. Mwisho mwenyekiti alitangaza, kwa uso wa mtu ambaye hajui afurahi au alie, kwamba kwa mujibu wa mkutano huu Bungu haina mtu asiye na kazi hata mmoja. Watu wakapiga makofi. Kisha wakakumbuka kilichowaleta.

Ndipo wakamwendea Zuhra wakamwombe Haidari wa kuazima. Zuhra aliwasikiliza, futi ya pili shingoni mwake mwenyewe.

"Siwezi kuacha kiti wazi," alisema. "Anayemtaka Haidari akae yeye hapa mpaka arudi."

Wakakubali, maana waliona ni haki. Mwanasiti alikuwa wa kwanza. Alimtuma Haidari akasimamie fundi wa mota, yeye akakaa na futi shingoni. Kufikia adhuhuri alikuwa ameshona vifungo vyote vya sare za darasa la tatu, kwa kukosa pa kuweka mikono. Mwenyekiti mwenyewe alikaa mchana mmoja, akasuluhisha ugomvi wa wateja wawili waliong'ang'ania kitambaa kimoja.

Siku ya nne akaja Mzee Abbasi. Alitaka Haidari ampeleke mbuzi wake kwa daktari wa mifugo Kibiti. Zuhra akamwambia baba yake masharti ni yaleyale. Mzee akakunja uso, lakini mbuzi alikuwa anaumwa kweli. Akakaa. Zuhra akamvisha futi kwa mikono miwili, kwa heshima.

Haidari alirudi na mbuzi jioni, akamkuta mzee bado yuko benchini, amenyooka, viatu vya kamba vimepangwa sambamba. Watu walikuwa wakipita wakimsalimu "Za kazi, mzee?" naye akiwajibu "Tunamshukuru Mungu, inakwenda." Alikuwa amepanga vitambaa kwa rangi na kufunga kila mzigo kwa kamba, kwa lile fundo la posta. Haidari akanyoosha mkono kupokea futi.

"Kuna mzigo mmoja sijaumaliza," Mzee Abbasi akasema, hakumtazama. "Wewe nenda kapumzike. Nitaendelea kesho."

Akaendelea kesho, na kesho kutwa. Asubuhi alipita barazani kwake bila kukaa, akaelekea barabarani kwa hatua za mtu anayeogopa kuchelewa. Wiki ya pili Haidari alikwenda kumwamkia pale kibandani, na mzee akamwambia asogee.

"Mjomba wako Kondo hajambo?"

"Hajambo, mzee."

"Mwambie aje tena. Aje nyumbani jioni, baada ya saa za kazi."

Mzee Kondo akaja, na safari hii hakuulizwa habari ya mkwe kufanya nini. Posa ya Mbuchi ilirudishwa kwa heshima. Amri alituma salamu kwa boti, pamoja na mfuko wa kamba wakavu, na kusema kwamba amemwambia mama yake. Mama yake alimjibu kuwa alijua tangu siku ya kwanza, kwa kuwa matope ya viatu hayakuwa ya mikokoni. Alipika uji kwa sababu hakujua naye amwambieje.

Ndoa ilifungwa baada ya msimu wa korosho. Wageni walikula wakashiba mpaka mkeka wa mwisho. Alisimamia Mwanasiti, naye akatukana watu wawili tu. Mzee Abbasi aliomba ruhusa kwa binti yake ya kutofika kibandani siku hiyo.

Mwezi uliofuata Haidari na Zuhra walikwenda kumsaidia Bi Sihaba kuchimba mihogo. Walianza mapema kabla jua halijawa kali, Haidari akitikisa mashina na kung'oa, Zuhra akikata mizizi na kujaza kapu, mama akimenya chini ya kivuli. Mtu mmoja alipita na baiskeli kwenye njia ya Nyamisati, akasimama, akashusha mguu mmoja.

"Haidari, leo hukwenda kazini?"

Haidari alijipangusa jasho kwa kiganja chenye udongo. "Niko likizo," alisema.

"Haya, pumzika," mtu yule akasema, akapanda baiskeli yake.

Zuhra alitaka kucheka, lakini Bi Sihaba alikuwa keshaanza, na kapu lilikuwa limejaa. Haidari akalibeba mpaka kivulini, akarudi kwenye tuta linalofuata.